Sahani Ukutani

Mtu akitaka kukijua chombo cha kale, jambo la kwanza hukigeuza. Hutazama kitako chake, hutafuta muhuri wa kiwanda, kisha hukigonga taratibu kwa ukucha asikilize mlio. Hayo ni mafundisho mema na mimi mwenyewe nimeyafuata. Walakini yana upungufu mmoja mkubwa, ambao sikuutambua mpaka nilipofunzwa na fundi wa saruji.

Nakaa Rhonda, mtaa ulio upande wa magharibi wa Nakuru. Siku nilipomaliza masomo katika chuo cha ualimu, rafiki yangu mmoja alinizawadia bakuli dogo jeupe lenye michoro ya buluu, alilolinunua pwani. Nililifunga waya, nikalitundika juu ya meza ninapokalia kusahihisha madaftari, na kila mgeni aliyeingia nilimsimulia habari za China, na majahazi, na upepo wa kaskazi. Miaka miwili ilipita hivyo. Siku moja akaingia fundi aliyekuwa akitandaza vigae barazani kwa jirani. Vigae vyake vilikuwa vipande vilivyovunjika, vya rangi mbalimbali, vile ambavyo huuzwa kwa bei nafuu na kupangwa juu ya saruji mbichi kama mtu anayejibu fumbo. Nililiteremsha bakuli nikampa alitazame. Maua hakuyajali. Aligeuza kitako, akapitisha kidole gumba katika ukingo wake, akasema, “Mwalimu, hili halikutoka kabatini. Hii ni chokaa. Limebanduliwa ukutani.”

Chokaa ile nilikuwa nimeiona mara nyingi. Nilidhani ni uchafu wa miaka.

Msomaji aliyezaliwa bara, kama wengi wetu hapa Bonde la Ufa, huenda akauliza: bakuli lilikuwa likifanya nini ukutani? Tangu zaidi ya miaka mia sita iliyopita waashi wa pwani yetu walikuwa na desturi ya kuvitia vyombo vya kigeni ndani ya lipu ya majengo yao. Huko Gedi, karibu na Malindi, uso wa mihrabu ya msikiti mkuu ulipambwa kwa mabakuli ya Kichina. Huko Kilwa Kisiwani kuna msikiti mdogo wenye kuba, wa karne ya 15, ambao mabakuli yake yalijengewa juu kabisa, ndani ya dari ya mviringo, mahali ambapo mwenye kusali huyaona akiinua uso. Huko Mambrui, ng’ambo ya mto Sabaki, na Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, ni makaburi: nguzo ndefu ya mawe imesimama juu ya kaburi, na sahani zimetiwa katika nguzo hiyo kama macho. Makaburi ya Kunduchi ni ya karne ya 18, kwa hiyo desturi hii haikuwa mtindo wa siku mbili. Ilidumu vizazi kwa vizazi.

Sehemu nyingine za dunia hupamba kuta kwa vigae vilivyofinyangwa kwa kazi hiyo hiyo. Wareno ni mashuhuri kwa vigae vyao vya buluu na vyeupe, wanavyoviita azulejo. Na jina lenyewe walilipata katika Kiarabu, az-zulayj. Mchoraji wa Kireno aliweza kuchora mji mzima juu ya mamia ya vigae vya mraba. Katika makumbusho ya vigae ya Lisbon lipo pambo moja la ukuta lenye urefu wa mita 23 hivi, linaloonyesha mji huo ulivyokuwa kabla ya tetemeko la ardhi la mwaka 1755. Nyuma ya kila kigae mafundi waliandika herufi na nambari, ili mwashi ajue kipi kikae wapi. Huo ni ustadi mkubwa. Lakini angalia tofauti: kigae cha Mreno kilizaliwa kigae. Kilipotoka tanuuni kilikuwa tayari kinajua kwamba kinakwenda ukutani, na mwashi alikuwa mtumishi wa mchoraji.

Bakuli la Gedi halikuzaliwa hivyo. Lilifinyangwa liliwe wali au linywewe mchuzi. Mfinyanzi wa China hakuota hata siku moja kwamba kazi yake itatazama waumini kutoka katika jiwe la matumbawe. Mtu aliyeligeuza kuwa kigae ni mwashi wa pwani, na alifanya hivyo kwa uamuzi, si kwa kufuata nambari. Alichagua lipi likae juu na lipi chini. Alipima nafasi kati ya moja na jingine. Alijua kwamba bakuli lenye kina hukusanya kivuli, na sahani iliyo bapa hutupa mwanga. Ndiyo maana nasema kwamba bakuli la ukutani lina mafundi wawili, mmoja wa moto na mmoja wa chokaa, na yeyote atakayetaja mmoja tu amelitambua nusu.

Kuhusu fundi wa moto maarifa yapo mengi, nami nitayapitia upesi. Chombo cha kauri halisi kina mwili mweupe, mgumu, usionyonya maji. Kikivunjika, jeraha lake ni laini kama la kioo, na kikiwa chembamba mwanga hupenya. (Lugha yetu hutumia neno kauri kwa vyombo hivi na pia kwa simbi ya pwani, na jambo la ajabu ni kwamba jina la Kizungu la vyombo hivyo nalo lilitokana na jina la Kiitalia la simbi hiyo hiyo.) Vyombo vya buluu na nyeupe vilivyotufikia vilitoka zaidi Jingdezhen, na rangi yake ya buluu hupakwa kabla ya chombo kufunikwa kwa utando wake wa kioo na kuchomwa. Vile vya kijani kilichofifia kama maji ya mkoko, vyenye mwili wa kijivu, vilitoka hasa katika matanuu ya Longquan. Vyombo vya Uajemi na Arabuni ni vya udongo laini zaidi, wa rangi ya mchanga au wekundu, na utando wao hubanduka kama ngozi iliyoungua. Na mwanafunzi asisahau Ulaya. Katika karne ya 19 mabakuli mengi ya bei rahisi, yenye maua yaliyopigwa kwa chapa, yaliletwa pwani kutoka viwanda vya Maastricht, Uholanzi, kama kile cha Petrus Regout. Hayo huwa na muhuri wa kiwanda kitakoni, basi hayamsumbui mtu. Muhuri wa Kichina, kinyume chake, unataka tahadhari, kwa kuwa wafinyanzi wa huko mara nyingi waliandika jina la mfalme aliyekufa zamani, kwa heshima au kwa biashara.

Lakini bakuli likiwa ukutani halionyeshi kitako. Tutafanyaje? Tutatazama kinachoonekana: rangi ya utando, mwendo wa kalamu ya mchoraji, na hasa mahali palipomeguka ukingoni, kwani hapo mwili wa chombo hujitoa wazi. Kisha tutatazama chokaa. Je, lipu inayolizunguka ni ileile ya ukuta mzima, au ni kiraka? Ikiwa ni ileile, bakuli na ukuta vilikutana siku ya ujenzi. Ikiwa ni kiraka, mtu alilitia baadaye. Na hapa pana kanuni moja ambayo wanafunzi wangu huipenda, kwa sababu ni ya akili tupu wala haihitaji chombo cha kupimia: chombo kilichotiwa siku ya ujenzi chaweza kuwa cha kale kuliko ukuta, wala hakiwezi kuwa kipya kuliko ukuta. Bakuli huenda lilikaa miaka sabini mikononi mwa bibi na mjukuu kabla ya kupewa mwashi. Kwa hiyo tarehe ya bakuli si tarehe ya jengo. Ni mpaka tu, kwamba jengo halikutangulia hapo.

Nimesikia watu wakiueleza upambaji huu kwa neno moja, utajiri. Wanasema mwenye kaburi alitaka kujionyesha hata baada ya kufa. Wengine husema sahani zilikuwa kinga ya jicho baya: hasidi akitupa macho, jicho lake hugonga sahani kabla ya kumfikia mtu. Wengine tena hukimbilia kumtaja Zheng He, amiri wa Kichina ambaye merikebu zake zilifika pwani hii katika karne ya 15, kana kwamba yeye ndiye aliyegawa mabakuli nyumba kwa nyumba. Habari ya Zheng He ni ya kweli. Ila vyombo vingi vilikuja polepole, mkono kwa mkono, kwa wafanyabiashara wa kawaida, kupitia bandari za India na Arabuni. Na kuhusu utajiri na jicho baya, sikatai. Ninalolaumu ni kwamba maelezo hayo yote yanatosheka na kuwako kwa sahani, wala hayaulizi kwa nini ikawekwa pale ilipowekwa. Tajiri angeweza kuzirundika zote mlangoni. Kwa nini basi fundi wa Kilwa akalipandisha bakuli mpaka dari, ambako bei yake haisomeki? Mimi naona alikuwa akitafuta mwanga. Dari ya chokaa ni nyeupe isiyong’aa. Bakuli ni jeupe linalong’aa. Palipokuwa na kiza cha mviringo akaweka tone la nuru. Huo ni usanifu, na mtu anayeuita kujionyesha hajainua shingo yake.

Ustadi huu wa mwanga umefika mbali zaidi katika nyumba za kale za Lamu. Huko sahani hazikujengewa. Ziliwekwa ndani ya zidaka, yaani vijishimo vya ukutani vilivyopangwa safu juu ya safu na kuzungushiwa nakshi za lipu. Nyumba yenyewe haina madirisha mengi. Mwanga huingia kiwandani, ua mdogo ulio wazi juu, kisha hupita misana miwili ukipungua, mpaka ufike katika chumba cha mwisho kinachoitwa ndani. Zidaka nyingi ziko humo. Utaona, basi, kwamba aliyezijenga alizipa sahani mwanga uliobaki, si mwanga mwingi. Kauri katika kiza chepesi hung’aa kwa namna ambayo taa ya umeme haiwezi kuiigiza. Waliosoma Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir kuhusu Pate iliyoanguka, watakumbuka kwamba mshairi, alipotaka kuonyesha maangamizi ya majumba yale, alivitaja vijishimo hivyo: vilivyokuwa vya vyombo vimekuwa malazi ya makinda ya ndege. Mshairi angeweza kutaja dhahabu. Akachagua shimo lililo tupu ukutani, na nadhani alijua kwamba kila msomaji wake ataliona shimo hilo katika nyumba aliyozaliwa.

Sasa nije kwenye lawama yangu. Katika makumbusho mengi, ndani na nje ya Afrika Mashariki, vyombo hivi huonyeshwa katika kabati za vioo kwa kufuata asili yake: rafu ya China, rafu ya Uajemi, rafu ya Ulaya. Kibandiko husema, kwa mfano, bakuli, China, karne ya 15. Mpango huo una faida yake. Mwanafunzi huweza kulinganisha kijani na kijani, na kujifunza kwa nusu saa mambo niliyoyapitia hapo juu. Ila mwenye kutoka mbele ya kabati kama hizo hutoka na picha ya pwani iliyopokea tu: China ilifinyanga, Uajemi ilifinyanga, nasi tulifungua mizigo. Yule fundi wa chokaa hayumo katika rafu yoyote. Kazi yake haikufika katika kabati, kwa sababu kazi yake ilikuwa ukuta, na ukuta haubebeki.

Ningependa kibandiko kiwe na mistari miwili. Wa kwanza useme chombo kilichomwa wapi. Wa pili useme kilijengewa wapi, juu ya nini, kikitazama upande gani, na ni vingapi vilivyokuwa pamoja nacho. Na kando yake iwekwe picha ya ukuta wenyewe. Mstari wa pili ukikosekana, basi uachwe mtupu waziwazi, msomaji aone kwamba kuna jambo limepotea. Hili halihitaji fedha nyingi. Ningependa pia chokaa isiondolewe kitakoni. Wapo wanaoisugua chombo kionekane safi. Wanasugua saini ya fundi wa pili.

Wala tatizo hili si la kwetu peke yetu. Huko Varamin, Iran, kaburi la Imamzada Yahya lilifunikwa katika karne ya 13 kwa vigae vyenye mng’aro wa shaba, vya umbo la nyota na msalaba vilivyoshikana kila kimoja na mwenzake. Vilibanduliwa vikauzwa, na leo vimetawanyika katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, nyota huku na msalaba kule. Mihrabu yake kubwa, yenye tarehe ya mwaka 1265, iko Honolulu, katikati ya bahari ya Pasifiki. Kila kipande kinasifiwa mahali kilipo. Lakini nyota moja peke yake ni kama irabu moja iliyotolewa katika neno.

Gedi nako kulibanduliwa. Magofu yale yaliandikwa kuwa ukumbusho wa kihistoria mwaka 1927, na mwaka 1929 yakawekwa chini ya ulinzi, kwa kuwa watu walikuwa wameanza kuyang’oa mabakuli yaliyopamba majengo. James Kirkman alipoanza kuchimba huko mwaka 1948 alikuta kuta zilizokwisha kuibiwa macho. Mwaka 2024 Gedi iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, na ni haki yake. Lakini heshima hiyo haikurudisha hata bakuli moja.

Baada ya maneno ya yule fundi sikuweza tena kulitazama bakuli langu kwa raha. Nilimwuliza rafiki yangu alilinunua kwa nani. Akakumbuka mtu aliyekuwa na kapu, kando ya barabara, asiyekumbuka jina lake. Nchini Kenya vitu vya kale vya namna hiyo vinalindwa na Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006, wala si pambo la sebule ya mwalimu. Nililipeleka kwa wanaohusika. Walilipokea kwa adabu, wakaniambia kwa muda mfupi sana ni kauri ya China, na takriban ya wakati gani. Nikauliza lilitoka ukuta gani. Ofisa aliyekuwa akiandika aliinua kalamu, akaitua tena, akaendelea na mstari uliofuata.

Kabla ya kulipeleka nilikuwa nimezungusha uzi katika ukingo wa kitako chake, nikaukata panapokutana.

Mwaka uliofuata nilifuatana na wanafunzi wa kidato cha tatu mpaka Gedi. Wengi wao walikuwa hawajapata kuiona bahari, na sikuwalaumu walipouliza mara kwa mara tutaifikia lini. Msituni kulikuwa na ubaridi; nyani walitufuata. Tulipofika mbele ya mihrabu nikawaomba wasiandike kitu kwanza, watazame tu. Walitazama mashimo yaliyo matupu kabla ya kitu kingine chochote. Msichana mmoja akasema kwamba mashimo hayo hayakukaa ovyo, kwamba hata bila mabakuli mtu anaona jinsi yalivyojibizana kushoto na kulia. Mwingine akaona kwamba ndani ya shimo moja umebaki mviringo mwembamba katika chokaa, alama ya ukingo wa kitako, safi kama jana.

Nilimwomba mtembeza wageni ruhusa, nikautoa uzi, nikaushika kwa mviringo hewani mbele ya shimo bila kuugusa ukuta. Ulikuwa mdogo. Tukajaribu la pili, nalo lilikuwa kubwa kuliko uzi. Wanafunzi walitaka tuendelee makaburini, na katika nyumba, na katika misikiti mingine iliyo pwani yote, nami nilitazama saa, maana dereva alikwisha kupiga honi. Uzi ule ninao bado, ndani ya jalada la daftari langu la mahudhurio.